Nilisomea Ulaya, Wilaya ya Kilosa

Julai mwaka huu nilikuwa barazani kwa kaka yangu, Mbumi, mjini Kilosa, tunachambua mchicha wa jioni. Binti yake, aliyemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya HKL na sasa anasubiri majibu ya vyuo, alikuwa ameinamia simu. Akainua kichwa.

"Shangazi, hapa kuna kozi ya sosholojia. Chuo cha Marekani. Bure kabisa."

Kaka yangu hakungoja nijibu. Alikuwa anahangaika na antena ya redio. "Cha bure ni cha bure," akasema, akaendelea na antena yake.

Hapo ndipo Kiswahili kinapotutegea mtego. Bure ni kitu usichokilipia. Bure pia ni kitu kisicho na faida: mtu huhangaika bure, hufa bure, husema maneno ya bure. Binti alisikia bure ya kwanza, akaona baba yake amemuunga mkono. Mimi nilisikia ya pili, na niliisikia vizuri kwa sababu nimeambiwa sentensi hiyo hiyo kwa miaka kumi na mitatu.

Nyumbani wakitaka kunitania husema mimi nimesomea Ulaya. Si uongo. Ukitoka Kilosa kwa barabara ya Mikumi utaikuta Ulaya njiani, kata kama kata nyingine, ina mahindi, ina kuku, ina vumbi lake. Nilifundisha huko, na huko huko nilikuwa napanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao ili nisome mambo ya vyuo vya Ulaya ile nyingine na Marekani. Kwa hiyo binti aliponigeukia na kuniuliza kama kozi hizi zina faida yoyote, alikuwa amemuuliza mtu anayehusika. Sikumjibu jioni ile. Nilimwambia ngoja kwanza nikumbuke.

Mwaka 2012 nilikuwa mapokezi katika nyumba ya wageni Mikumi, zamu ya usiku. Anayeijua Mikumi anajua kwamba mji ule haulali. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Zambia inapita katikati, malori yanaegeshwa pande zote mbili, mama wa chipsi anageuza mayai saa nane za usiku, na madereva wanaoshuka wametoka kuvuka kilomita kama 50 za hifadhi wakiomba twiga asiwakatizie mbele, maana bango la faini ya kila mnyama wameshalisoma. Kidato cha sita nilikuwa nimemaliza na alama za kwenda chuo nilizipata. Mkopo sikupata. Baba alikuwa ameshafariki. Nikakaa mapokezi.

Mgeni mmoja, mwanafunzi kutoka nje aliyekuja kwa mambo ya tembo, aliniona nasoma kitabu cha historia cha kidato cha tano kilichochakaa hadi jalada. Akaniuliza kama najua kwamba kuna vyuo vinafundisha bure kwenye intaneti. Kampuni ya Coursera ilikuwa imeanza mwaka ule ule. Akaniandikisha kwa kompyuta ya mapokezi, ile iliyokuwa na modemu ya kuchomeka, katika kozi ya utangulizi wa sosholojia ya Mitchell Duneier wa Chuo Kikuu cha Princeton. Baadaye nilisoma kwamba tulikuwa watu kama 40,000 kutoka nchi 113. Sidhani kama kulikuwa na mwingine aliyekuwa anakatizwa na madereva wanaotaka ndoo ya maji ya moto.

Video hazikufunguka. Kwa modemu ile, dakika moja ya picha ilikuwa inakula nusu saa ya usiku. Lakini niligundua kuwa yale maandishi yanayopita chini ya picha yanaweza kushushwa peke yake, na faili lake ni jepesi kuliko picha ya pasipoti. Basi nikasoma sosholojia nzima kwa maandishi ya chini ya video, sentensi zimekatwakatwa vipande vya maneno sita au saba, bila kuuona uso wa mwalimu. Mpaka leo sauti yake naifikiria kuwa ya mtu anayekata pumzi.

Alianza na C. Wright Mills na kitabu chake cha mwaka 1959 kuhusu jicho la kisosholojia, akasoma sura mstari kwa mstari. Mills anatofautisha shida ya mtu na jambo la jamii. Katika mji wa watu laki moja mtu mmoja akikosa kazi, hiyo ni shida yake, mchunguze yeye na ujuzi wake. Lakini katika taifa lenye wafanyakazi milioni 50, watu milioni 15 wakikosa kazi, usiwachunguze tabia, chunguza taifa. Nikasita kusoma. Miaka miwili nilikuwa nimeamini kwamba kukwama kwangu Mikumi kulitokana na mimi: sikuhangaika vya kutosha, sikuomba vya kutosha, sikumjua mtu. Nikaanza kuwahesabu wenzangu wa kidato cha sita waliofika chuo. Vidole vya mkono mmoja vilinitosha na kubaki. Nikawaza na lile bango la hifadhini: kila mnyama ana bei yake, na mtembea kwa miguu wa Mikumi anayegongwa usiku bei yake sijawahi kuiona popote.

Nilitoka nje nimejaa. Nikamweleza mlinzi habari yote ya Mills, shida ya mtu na jambo la jamii. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo sasa mikopo itatoka?"

Nilikasirika. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba katika kozi nzima ile hakuna aliyeniuliza swali zuri kuliko hilo.

Mwaka uliofuata nikamaliza kozi ya historia na kupata cheti, maana zamani zile baadhi ya kozi zilikuwa zinatoa karatasi bila malipo. Nikaichapisha kwa rangi, nikaitia kwenye bahasha ya kaki, nikaipeleka ofisi moja iliyokuwa inatafuta karani. Mhusika aliigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akaipandisha kwenye mwanga wa dirisha. "Mhuri uko wapi?" Nikamwambia ni ya mtandaoni, haina mhuri. Akanirudishia kwa upole wa mtu anayemrudishia mtoto mwanasesere. Na kweli, katika nchi hii karatasi isiyo na mhuri ni ya kufungia karanga.

Miaka michache baadaye hata hiyo karatasi ilikoma kutolewa bure. Kozi zikabaki wazi, au nusu wazi, na cheti kikawekewa bei. EdX, iliyoanzishwa na Harvard na MIT mwaka 2012, nayo kufikia 2019 ilikuwa imeanza kuweka mipaka kwa wasiolipa. Sikushangaa sana. Kilichonishtua ni habari ya Duneier mwenyewe. Mwaka 2013 aliacha kuifundisha kozi ile. Alikuwa ameombwa aruhusu vyuo vingine vitumie mihadhara yake, akahofia kwamba serikali za majimbo ya Marekani zingepata kisingizio cha kupunguza fedha za vyuo vya umma: ya nini kumwajiri mwalimu wa sosholojia wakati yupo wa kwenye video? Habari hiyo niliisoma mara mbili. Zawadi iliyonifikia mimi Mikumi bila hata senti ilikuwa inaweza kumfukuzisha kazi mwalimu wa watoto wa maskini wa kwao. Niliacha tangu siku hiyo kuuliza kama kitu ni bure. Nauliza ni bure kwa nani, na anayelipa amekaa wapi.

Ulaya nilikwenda mwaka 2014, mwalimu wa kujitolea wa Historia na Kiswahili, posho ndogo, chumba kimoja na kitanda cha kamba. Jina la mahali pale kila mzee ana hadithi yake, na hazipatani. Kichuguu nilichokitaja kilikuwa nyuma ya shule. Ukipanda ukaelekeza simu upande wa Kilosa unapata mtandao, ukigeuka kidogo umekosa. Wanafunzi wangu walikizoea. Mzazi akija kunitafuta wanamwambia, mwalimu yuko juu anaongea na Wazungu.

Huko juu ndiko nilikokutana na Kilosa yenyewe. Nilikuwa natafuta mifano ya migogoro ya ardhi kwa ajili ya kipindi, nikaandika jina la wilaya yangu kwa Kiingereza, na likatokea jambo nililolijua tangu utotoni. Tarehe 8 Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, wakulima 38 waliuawa katika mgogoro na wafugaji. Nilikuwa darasa la nne mjini Kilosa. Nakumbuka watu wazima wakinyamaza tukiingia chumbani. Nakumbuka maelezo tuliyopewa baadaye, mafupi na yasiyojibiwa: ukame, ng'ombe, na "wale ndivyo walivyo". Na hapa, kwenye simu yenye mpasuko, naona kwamba watafiti watatu, Tor Benjaminsen, Faustin Maganga na Jumanne Abdallah, wawili kati yao Watanzania, waliandika makala kamili mwaka 2009 kuhusu kwa nini ilitokea.

Muhtasari ulikuwa wazi kwa kila mtu. Makala yenyewe ilikuwa imefungwa, na bei ya kuifungua, kwa dola, ilizidi posho yangu ya mwezi. Nilishuka kichuguuni nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Rudewa si mbali. Waliozikwa pale wana ndugu ninaosalimiana nao sokoni.

Nakala niliipata miezi kadhaa baadaye, kwa mwanafunzi mmoja wa chuo aliyenichapishia kurasa zilizofifia wino. Niliisoma usiku mmoja kwa taa ya sola. Waandishi hawakuishia kwenye uhaba wa ardhi na maji. Walikwenda kwenye sera za miaka mingi zilizoona ufugaji wa kuhama kuwa ushamba wa kuondolewa, kwenye mipaka ya vijiji na nani aliyeichora, na kwenye rushwa iliyofanya mkulima na mfugaji wote wawili wasimwamini mwamuzi. Kosa la wauaji halikufutwa. Lakini ile "ndivyo walivyo" niliyolishwa nikiwa mtoto ilianguka, na darasani kwangu kulikuwa na watoto wa wakulima na watoto wa wafugaji wamekaa dawati moja. Niliwafundisha makala ile kwa Kiswahili, wiki mbili, nje kabisa ya muhtasari wa somo. Ni wiki mbili pekee za ualimu wangu ambazo hakuna aliyesinzia.

Sisi watu wa Kilosa tumeandikwa sana. T. O. Beidelman, mwanaanthropolojia Mmarekani, alianza kukaa huku kwetu Ukaguru mwaka 1957 na akaandika kuhusu Wakaguru kwa zaidi ya nusu karne. Kitabu chake kuhusu ukoloni katika Ukaguru kilitoka 2012, mwaka ule ule nilipokuwa nasoma Mills mapokezini. Tunahojiwa, tunapigwa picha, tunatiwa kwenye majedwali. Kuletewa kilichoandikwa ni jambo lingine.

Mwaka 2016 nilirudi Kilosa mjini nikafungua steshenari ndogo, si mbali na stesheni ya reli ya kati. Ndio mwaka elimu bila ada ilipoanza, shule zikafurika, na mimi nikawa kutwa natoa kopi za fomu. Wazazi walinigombeza kana kwamba mimi ndiye wizara: "Si wamesema bure? Mbona kopi unatutoza?" Kwenye waraka serikali iliandika bila malipo, na mtaani tukasema bure. Sare, daftari, kopi, nauli, vyote vilibaki pale pale.

Jioni nikifunga biashara nilikuwa naangalia mihadhara ya Michael Sandel wa Harvard kuhusu haki, ile 12 iliyowekwa wazi kwenye intaneti mwaka 2009. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyekuja kuchapa mtihani akasimama nyuma yangu, akavuta stuli. Kesho yake akaja na muuguzi, shemeji yake. Kijana wa bodaboda aliyekuwa anaegesha kwenye kivuli chetu akajiunga kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Wa tano alikuwa mzee mmoja mstaafu wa reli, aliyekuja kuuliza habari za mafao yake na akakaa mwaka na nusu.

Bando lilitushinda wiki ya kwanza. Tukaenda kwa kijana wa kuingiza nyimbo, yule mwenye meza na kompyuta moja na spika mbili, tukamlipa ashushe mihadhara yote usiku na kuitia kwenye memori kadi. Aliangalia picha ya kwanza, ukumbi umejaa wanafunzi, akauliza, "Hii muvi ina mapigano?" Nikamwambia yapo, ya maneno. Akatutoza bei ya muvi.

Mhadhara wa kwanza unaanza na fumbo maarufu ambalo mzizi wake ni Philippa Foot, mwanafalsafa wa Uingereza, aliyeliandika 1967. Nilikuwa nasimamisha video kila baada ya dakika chache na kuwatafsiria. Nikawaambia: kuna kiberenge kimekatika breki. Mbele yake wako mafundi watano kwenye reli, hawaoni. Kuna njia ya pembeni, huko yuko fundi mmoja. Wewe unaweza kukigeuza. Utageuza?

Mzee wa reli alicheka mpaka akatoa miwani. "Kiberenge? Mwanangu, kiberenge tulikuwa tunakinyanyua kwa mikono, watu wanne, tunakiweka pembeni treni ipite. Tangu lini kiberenge kikaua watu watano?"

Nikasema basi, mzee, liwe treni.

Akaacha kucheka. "Hao watano wana mnyapara? Bendera nyekundu iliwekwa? Stesheni masta alijua kuna genge njiani?" Kila mtu kimya. "Mnaniuliza nimuue nani. Hamjaniuliza nani alilala kazini."

Kijana wa bodaboda akamwambia kwa heshima kwamba hilo ni fumbo tu, mzee, halijatokea. Mzee akajibu kwamba fumbo hilo ni la mtu ambaye hajawahi kuosha damu kwenye mataruma.

Nilijaribu kumrudisha kwenye mstari. Nilitaka ajibu kama wanafunzi wa Harvard walivyojibu, mkono juu, wangapi wanageuza, wangapi hawageuzi. Usiku nikiwa nimelala ndipo nilipoona kwamba mzee, asiyewahi kusikia jina la Mills, alikuwa amefanya kile kile Mills alichotaka. Alikataa kuacha mzigo mzima kwenye mkono wa mtu mmoja aliyeshika chuma, akaenda kutafuta kanuni, zamu na ofisi. Na kozi ile, kwa uzuri wake wote, haikuwa na nafasi ya kupokea jibu kama hilo. Video haisikii. Ndiyo maana inahitaji watu mbele yake.

Halafu likaja neno lenyewe. Sandel anatumia neno moja la Kiingereza kwa haki kama uadilifu wa mgawanyo, na neno jingine kwa haki ambayo mtu anadai kuwa ni yake. Sisi tuna haki tu. Siku tatu tulizunguka. Mwalimu alitaka tuseme uadilifu. Muuguzi akakataa, akasema uadilifu ni sifa ya mtu, hauhusu mgao wa mahema. Mahema hayakuja kwa bahati. Sote watano tulikuwa tumeyaona mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010, Mto Mkondoa ulipoingia mjini, reli ikakatika kwa miezi, na watu wakaishi kambini. Muuguzi akauliza: mwenye nyumba iliyosombwa na mpangaji aliyepoteza kitanda na sufuria, viwanja vikigawiwa, nani kwanza? Mwenye nyumba anadai haki yake. Mpangaji anadai haki. Ni neno moja, na ni madai mawili. Kijana wa bodaboda, ambaye familia yake ilikuwa ya wapangaji, alizungumza jioni ile kuliko siku zote. Sitayaandika aliyoyasema, ni yake. Ila nikakubali moyoni kwamba umaskini wa msamiati niliokuwa nauonea aibu ndio uliotufungulia mlango: Kiingereza kimeshayatenganisha mapema yale ambayo sisi tulilazimika kuyagombania.

Mihadhara 12 tulimaliza 7. Muuguzi akahamishwa, mwalimu akapata mtoto, kijana akaenda Dar es Salaam. Hesabu yangu mimi peke yangu, bila kikundi, ni mbaya zaidi: kozi 19 nilizoanza, 4 nilizomaliza. Wala si mimi tu. Kwa kawaida wanaomaliza kozi hizi hawafiki mmoja kati ya kumi wa walioandikishwa, na wengi wa wanaomaliza ni watu wenye shahada tayari. Kaka yangu angeyajua hayo angeongeza sauti ya redio.

Mwaka 2017 nilijiandikisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chuo kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992 kwa ajili ya watu kama mimi wasioweza kuacha duka na kwenda kukaa bweni. Huko nililipa ada, na sikuona uchungu. Nilikuwa nimeshajua ninachokinunua: mwalimu wa kunisahihisha na mhuri.

Machi 2020 korona ilipofunga shule na vyuo, hifadhi ya majarida ya JSTOR ikaongeza idadi ya makala mtu anayoweza kusoma bure hadi 100 kwa mwezi. Nikawa kama panya ghalani. Humo nikakuta makala ya Beidelman ya mwaka 1966 kuhusu utani wa Wakaguru. Bibi yangu mzaa mama, Mkaguru wa upande wa Mamboya, alikuwa hai, macho yamekwisha lakini masikio mazima. Nikamsomea kwa kutafsiri: watani wanavyoingia msibani, wanavyofanya kazi ambazo wafiwa hawawezi, wanavyotukana na kunyang'anya.

Alisikiliza kipande kirefu. Hapa akakubali, pale akasema huyo aliyemweleza alikuwa anamtania Mzungu mwenyewe. Kisha akauliza, "Na waliomweleza yote hayo aliwalipa nini?"

Nikasema sijui, bibi, pengine hakuwalipa.

"Mtani hafanyi kazi ya msiba bure," akasema. "Anachukua jogoo, anachukua kanga. Na wewe kesho msiba ukimfika unakwenda kwake, unafanya, unachukua."

Kulikuwa na kozi moja ya anthropolojia niliyoiacha katikati, ilikuwa inamsomesha Marcel Mauss, yule Mfaransa wa 1925 aliyesema hakuna zawadi isiyodai kurudishwa. Nilikwama ukurasa wa nane. Bibi alinimalizia.

Siku hiyo hiyo akanieleza jambo ambalo sikuwahi kumwuliza. Mwaka 1973 naye alisoma. Ilikuwa kampeni ya Mtu ni Afya: wiki 12, redio moja chini ya mwembe, kiongozi wa kikundi aliyepewa mafunzo, vijitabu, na wasiojua kusoma wakikaa pamoja na wanaojua. Redio ikimaliza, inazimwa. Watu wanabishana, kisha wanaamua kazi ya wiki: kuchimba choo, kufukia dimbwi, kufyeka nyasi. Nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni 2, na viongozi wa vikundi 75,000. Nilimwambia bibi kuwa kozi yangu ya Princeton ilikuwa na watu 40,000 na magazeti ya dunia yaliishangaa. Akauliza walichimba vyoo vingapi.

Bibi alifariki mwaka uliofuata. Watani walikuja, wakachukua kanga zangu mbili.

Kwa hiyo, binti wa kaka yangu, jibu ni hili, na nilikupa kwa mdomo kabla ya kuliandika. Jiandikishe, lakini usikae nayo peke yako chumbani. Tafuta wawili zaidi, hata kama ni wale mnaogombana. Ukikuta neno lisilokuwa na Kiswahili, usilipite. Kaeni hapo hapo. Cheti usikitegemee, mhuri utautafuta kwingine. Na kila wiki mwulize mtu mmoja ambaye hakusoma, uone kama ulichojifunza kinasimama mbele yake. Mzee wa reli bado yupo, anakaa karibu na stesheni. Treni ya umeme ilipoanza kupita Kilosa mwaka 2024 alikwenda kuiangalia, akarudi akilalamika kwamba hakuona kiberenge. Anza naye.

Wamekuwa wanne sasa. Wanakutana Jumamosi barazani kwa kaka, ambaye hakai nao lakini amepunguza sauti ya redio.

Nanyi wenzangu mnaokuja Kilosa na Mikumi na madaftari yenu, vibali mkononi, mkatuhoji juu ya ng'ombe na miwa na tembo na misiba yetu: tunawapa majibu bila kuwatoza. Makala ikitoka, tuleteeni nakala. Hata kurasa mbili za Kiswahili zinatosha, ziachwe ofisi ya kata au shule iliyo jirani. Steshenari yangu itatoa kopi, na hizo sitatoza.